Dume la Sikio Moja

Mama Mbegu hakuwa na mtoto hata mmoja wa kumzaa. Jina hilo walimpa majirani kwa utani, kwa sababu ukihesabu nguruwe waliotoka bandani kwake wakasambaa mitaani, yeye ndiye aliyekuwa na wajukuu wengi kuliko mtu yeyote pale. Mwanzoni alinuna. Baadaye akalizoea, na mwishowe hata ukimwita kwa jina la ubatizo mara tatu hageuki. Mumewe wa zamani ndiye aliyekuwa akilitumia hilo la ubatizo, na huyo alishaoa kwingine, kwa hiyo hakuna lililopotea.

Aliporudi kwao na sanduku moja na godoro, watu walimhesabia siku. Mwanamke aliyeachika, walisema, atakaa miezi miwili, atazozana na wifi yake, ataondoka.  Baba yake alimpeleka nyuma ya nyumba kwenye banda la nguruwe, akamkabidhi daftari la jalada gumu, akamwambia, "Mwanangu, hawa wanataka mtu anayeandika." Baba alifariki mwaka wa tatu baada ya hapo, lakini daftari likabaki kwa binti, halikwenda kwa kaka mtu. Hapo, wenzangu, ndipo kisa hiki kilipoanzia, ila kilikaa kimya miaka mingi kabla ya kunuka.

Lilikuwa kundi dogo: majike wanne na dume mmoja, basi. Banda lenyewe lilikuwa na vyumba sita, sakafu ya saruji iliyoinamishwa kidogo ili mkojo utiririke kwenda shimoni, na paa la mabati lililokuwa likivuja mahali pamoja tu, penye stoo ya pumba, kama vile mvua nayo ilikuwa na chuki binafsi. Mkubwa wa majike aliitwa Bibi. Alikuwa mrefu, mgongo umenyooka, chuchu kumi na nne, na kiburi cha mtu anayejua thamani yake. Binti yake aliitwa Kimya kwa sababu hakupiga kelele hata chakula kikichelewa. Wawili waliobaki walikuwa wazazi wazuri, lakini hawakuwa na vituko vya kuwapatia majina.

Sasa, Mama Mbegu hakuwa muuza nyama. Alikuwa muuza majike wa kuzalisha, na hilo ni jambo jingine kabisa. Nyama ukimuuzia mtu, kesho imeshaisha, hakuna maswali. Jike wa kuzalisha ukimuuzia mtu, unamuuzia miaka mitano ya maisha yake. Ukinunua kwake ulipewa karatasi iliyoandikwa mama wa nguruwe wako, baba yake, na siku aliyozaliwa. Na juu ya karatasi ulipewa ahadi: huyu akikua na kuingia joto, mlete kwangu apandishwe, na dume utakayemkuta hapa hatakuwa baba yake wala kaka yake. Ndiyo maana kila baada ya miaka miwili dume alibadilishwa. Familia tisa zilikuwa zimenunua majike kwake kwa kuiamini ahadi hiyo. Fundi cherehani alikuwemo, na muuza maziwa, na mwalimu mstaafu aliyekuwa na maswali mengi kuliko nguruwe. Hao wote hawakuwa na dume. Dume anakula bila kuzaa, nani atamfuga kwa ajili ya jike mmoja?

Dume mpya alitoka kwa mfugaji mmoja mzee wa ng'ambo ya mto, safari ya siku nzima kwa gari la mizigo. Baba yake Mama Mbegu na mzee huyo walielewana tangu ujanani: majike wawili waende, dume mmoja arudi. Hakukuwa na mkataba. Kulikuwa na masikio tu.

Ndiyo, masikio. Kila mtoto wa nguruwe katika nyumba hizo mbili alikatwa alama akiwa na siku tatu. Sikio la kushoto lilisema ni uzao wa ngapi. La kulia lilisema nyumba aliyotoka na mama aliyemzaa. Mtu aliyezoea anamsoma nguruwe akiwa anapita, kama wewe unavyosoma namba ya gari. Mama Mbegu alikuwa akizikata mwenyewe, kwa koleo la baba yake, akimpigia mtoto mluzi sikioni ili asishtuke sana, jambo ambalo halikuwahi kusaidia.

Kazi moja tu ilimshinda. Kuhasi. Damu hakuiogopa, kuzalisha alizalisha hadi kuingiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Lakini watoto wa kiume wakishikwa kuhasiwa wanapiga kelele ambayo ilimwingia kifuani, akawa hawezi kusimama. Kwa hiyo siku hiyo ikifika alikuwa akichukua jembe na kwenda mwisho wa shamba, na kazi anaifanya kaka yake. Jioni kaka anakuja kunawa bombani, anamwambia, "Watano, wote tayari," naye anaandika: madume watano, wote wamehasiwa. Wiki moja baadaye kaka huyohuyo anawapeleka kwa watu wa kunenepesha. Katika daftari zima, huo ndio mstari pekee ambao Mama Mbegu aliuandika kwa mdomo wa mtu mwingine bila kuangalia kwa macho yake.

Kaka mtu walimwita Injinia, kwa kuwa aliwahi kutengeneza bomba la uani likafanya kazi wiki mbili. Alikuwa mtu wa maneno matamu, mwepesi kucheka, na mwepesi zaidi kuchoka. Mkewe alitoka mtaa wa pili, nusu saa kwa miguu, na huko ukweni alikuwa akishinda sana. Mama Mbegu alimpenda kaka yake. Naliweka hili wazi mapema, msije mkadhani alikuwa mjinga. Alimwamini kwa sababu alikuwa kaka yake, na mtu akikwambia kuwa hiyo ni sababu ndogo, muulize yeye huwaamini nduguze kwa sababu gani.

Basi mwaka ule miaka miwili ikatimia. Dume wa zamani akauzwa, majike wawili wazuri wakapakiwa kwenye gari, na Injinia akapanda nao mbele, shati limepigwa pasi kana kwamba anakwenda kuposa. Alirudi baada ya siku mbili na dume mweupe, kijana, kifua kipana. Ila sikio la kulia lilikuwa limekatika karibu na kichwa, na damu imekaukia shingoni.

"Mbwa," Injinia alisema kabla hajaulizwa. "Tulisimama njiani kumpa maji, mbwa wawili wakamrukia. Nimepambana nao, dada, tazama suruali."

Suruali kweli ilikuwa imechanika. Mama Mbegu aliitazama, akamwonea huruma kaka yake kabla ya kumwonea nguruwe. Alimpa maji ya kuoga na chai. Kisha akaingia kwa yule dume na beseni la maji ya uvuguvugu yenye chumvi, aliyochemshiwa na mama yake jikoni, akalisafisha lile jeraha polepole, akalipaka dawa ya zambarau. Alifanya hivyo asubuhi na jioni kwa siku kumi na moja. Inzi wakizidi alikuwa anakaa naye na tawi la majani, anawapunga, anamsemesha. "Pole mwanangu. Wamekuonea." Sikio la kushoto lilikuwa na mikato mitatu, uzao wa tatu, na hilo halikumwambia chochote, maana uzao wa tatu uko kila nyumba.

Dume alipona, akaanza kazi. Mama Mbegu alimpandishia Kimya, kisha Bibi, kisha wale wawili. Na wale tisa nao wakaleta majike wao mmoja mmoja, kila mmoja kwa siku yake ya joto. Mwalimu mstaafu alisimama mlangoni mwa banda na karatasi yake mkononi akauliza, "Huyu hana undugu na wangu?" Mama Mbegu akamjibu, "Mwalimu, huyu ametoka ng'ambo, labda undugu wa Adamu na Hawa." Watu wakacheka. Alikuja kulikumbuka jibu lile mara nyingi sana.

Miezi mitatu, wiki tatu na siku tatu zikapita, kama inavyokuwa kwa nguruwe wote, na Kimya akazaa mchana wa saa saba. Watoto kumi. Mama Mbegu alipangusa wa kwanza, akakata kitovu, akamweka penye chuchu. Wa pili vilevile. Wa tatu alipomgeuza ili ampanguse nyuma, akaona hapana kitu. Ngozi tupu. Hakuwa na njia ya haja. Wa tano akawa hivyohivyo. Watatu wengine walikuwa na uvimbe kitovuni kama limau, utumbo umetokeza chini ya ngozi. Waliobaki walikuwa wadogo, baridi, hawana nguvu ya kunyonya. Siku ya nne walikuwa hai watatu.

Bwana mifugo alikuja na pikipiki yake, akavaa mabuti, akawatazama wafu na wazima bila haraka. Alikuwa kijana mpole, mtu wa kusafisha koo kabla ya kusema jambo baya. Alisafisha koo.

"Mama Mbegu, mmoja akizaliwa hivi ni bahati mbaya. Kumi kwa mpigo, hapana. Damu zimekaribiana hapa. Baba wa hawa na mama yao ni ndugu."

"Haiwezekani. Baba yao katoka ng'ambo ya mto."

"Nani kamleta?"

"Kaka yangu."

Bwana mifugo alisafisha koo mara ya pili, akavua mabuti, akapanda pikipiki yake. 

Mama Mbegu alimpigia simu mzee wa ng'ambo papo hapo, akiwa ameegemea ukuta wa banda. Mzee yule alikuwa haisikii simu vizuri, na aliamini kwamba dawa yake ni kupayuka. Mama Mbegu alizunguka kwa adabu: hali, mavuno, wajukuu. Kisha akauliza kama ukoo wa yule dume umewahi kutoa watoto wenye utumbo nje. Mzee akahamaki.

"Ukoo wangu? Binti, mimi na marehemu baba yako tumebadilishana nguruwe tangu wewe hujaota meno. Dume yule nimempakia kwa mikono yangu. Ana baka jeusi begani, kubwa kama sahani. Mbegu safi. Kama ana kasoro, imeanzia kwenu."

"Baka jeusi," alisema Mama Mbegu.

"Begani. Bega la kushoto. Kwani huna macho?"

Mama Mbegu alishukuru, akakata simu. Mbele yake, ndani ya chumba cha mwisho, alisimama dume mweupe pe kuanzia pua hadi mkia, anakwaruza ubavu ukutani, sikio moja. Alimtazama kwa muda mrefu. Alitazama urefu ule wa mgongo. Alitazama namna alivyosimama, mguu wa mbele umetangulia kidogo, kwa kiburi. Akageuka kumtazama Bibi chumba cha pili, na Bibi alikuwa amesimama hivyohivyo.

Alilifungua daftari. Bibi, uzao wa tatu: majike sita, madume watano. Madume watano, wote wamehasiwa. Mwandiko wake mwenyewe. Akakaa juu ya gunia la pumba. Sikio lile halikuliwa na mbwa. Lilikatwa kwa kisu, na mtu aliyejua hasa kilichoandikwa pale. Na yeye, siku kumi na moja, alikuwa akimpungia inzi.

Hakumpigia kaka yake simu. Alijifunga kanga, akatoka kwa miguu kwenda mtaa wa pili, ukweni kwa Injinia. Njiani alikutana na watu wawili wakamsalimu, naye akaitikia vizuri tu, akauliza hadi habari za watoto. Mtu ukiwa umeungua ndani wakati mwingine adabu ndiyo inayokubeba.

Nyuma ya nyumba ile palikuwa na banda jipya. Saruji bado ina rangi ya kijani ya ubichi, mbao bado zinanuka utomvu. Vyumba vinne, vimepangwa kama vya kwake, hata mfereji umeinamishwa upande uleule. Katika chumba cha kwanza alikuwemo dume mkubwa, masikio yote mawili mazima, na begani baka jeusi. Kubwa kama sahani.

Mama Mbegu alikuwa bado ameshika ubao wa mlango aliposikia ndoo ikiwekwa chini nyuma yake. Aligeuka akitegemea kumwona wifi yake, au kaka. Alikuwa ni mama yake. Mama yake mzazi, amevaa mabuti, amekunja gauni kiunoni, pumba imemganda mikononi. Mama yule ambaye kila Jumanne na Ijumaa alikuwa akiaga nyumbani kwamba anakwenda kumjulia hali mkwe mwenzake mgonjwa wa miguu.

"Shikamoo mama," alisema, kwa sababu mdomo ulizoea.

"Marahaba." Kisha mama akasema, "Kaka yako yuko ndani, nikuitie."

Injinia alitoka akiwa na tabasamu, akamwona dada yake aliposimama, na tabasamu likabaki usoni bila mwenyewe. Tusimwonee. Alijaribu kudanganya mara moja tu, akaanza kusema kitu kuhusu dume wa pili kutoka kwa mfugaji mwingine, akaona mwenyewe kwamba havuki. Akakaa kwenye ngazi.

"Ulimwacha mmoja hukumhasi," Mama Mbegu alimwambia. "Ukamlea huku ukweni mwaka mzima. Ukaniletea mimi mtoto wangu mwenyewe kama mgeni, na huyu wa kweli ukambakiza. Mwaka mzima, kaka. Ulikuwa unakula kwangu."

"Nilimwacha kwa ajili yangu, sikupanga kukuletea," alisema Injinia. "Ila nilipofika ng'ambo nikamwona huyu, nikasema kwa nini kila kizuri kiende kwenye daftari lako? Baba alikupa wewe. Mimi mtoto wa kiume wa nyumba ile, kazi yangu ni kuhasi na kubeba. Injinia, Injinia, watu wananicheka. Nikasema dume ni dume, atapanda, watazaliwa, nani atajua."

"Ungeniomba."

"Nimwombe mdogo wangu?"

Hasira aliyokuwa nayo Mama Mbegu haikumwelekea kaka yake hata kidogo, na hilo lilimshangaza. Machoni pake kaka alikuwa mdogo, kama mtu aliyeiba kwa sababu ya njaa ya muda mrefu. Alimgeukia mama yake.

"Na wewe ulijua."

"Nilijua."

"Nilipokuwa ninalisafisha lile sikio, uliniletea maji ya moto. Wewe. Kwa mikono yako."

Mama aliipangusa mikono kwenye gauni. Hakuwa mwanamke katili, na ingekuwa rahisi zaidi kama angekuwa hivyo. "Wewe ulishapata pa kusimama, mwanangu. Mwenzako alikuwa hana. Nilifikiri mtakuwa na dume nyote wawili, niwaone nyote mna kitu, nife nimetulia. Sikujua mambo ya kuzaliwa vilema. Nguruwe ni nguruwe."

"Basi nipeni dume wangu."

Hapo mama ndipo aliposema neno ambalo halikufutika. Alilisema kwa sauti ya chini, bila ubaya, akimtazama nguruwe badala ya bintiye. "Shamba ni langu, na vilivyomo ni vyangu, baba yenu aliniachia mimi. Majike wale wawili waliokwenda ng'ambo ni wangu. Dume nimempa kaka yako. Ukimtoa hapa, utakuwa umenitoa mimi."

Mama Mbegu aliondoka bila kuaga. Walimfuata hadi barabarani, mama na kaka, wakamwomba jambo moja tu, yaishe nyumbani. Wale tisa wasiambiwe. Majike wao watazaa, wengine watapona, wengine watakufa, watu watasema ni ugonjwa. "Usituanike," mama alimwambia. Na ukilifikiri vizuri lilikuwa ombi la ajabu: wao wamempotosha mara moja, sasa wanamtaka yeye awapotoshe watu tisa kwa kinywa chake.

Jumamosi asubuhi aliwaita wote uani kwake. Aliwapangia viti, vilivyopungua akaleta ndoo na kuzipindua. Dume wa sikio moja alikuwa ameshakwenda kwa mchinjaji tangu jana yake. Aliwaambia yote. Hakumtaja kaka kwa ukali wala hakumpamba. Alisema: majike mliowaleta hapa walipandishwa na ndugu yao. Niliwaambia si ndugu, na sikuwa na uhakika, nilikuwa na neno la mtu tu. Watakaozaliwa wazima msiwafanye wazazi, wanenepesheni. Karatasi nilizowapa bado ni za kweli kuhusu mama zao. Kuhusu mimi, amueni wenyewe.

Hawakumtukana. Muuza maziwa alilia kidogo, kwa kuwa jike wake alikuwa amebakiza siku sita. Fundi cherehani alimshika bega, akasema wachache wangesema hivyo mbele za watu. Mama Mbegu alianza kuhisi kwamba labda jina lake litapona.

Kisha mwalimu mstaafu akanyoosha mkono kama yuko darasani. "Sasa, majike hawa wakishazaa, tutawapandisha kwa nani? Dume asiye na undugu nao yuko wapi?"

Mama Mbegu alikuwa amekwisha kumpigia mzee wa ng'ambo. Mzee hakuwa na dume wa kutoa hadi mwaka ujao. Dume wa damu nyingine katika mitaa ile yote alikuwa mmoja. Wote walikuwa wanamtazama, wakingoja, na yeye alikuwa ameshajiahidi kutowadanganya.

"Yuko kwa kaka yangu," alisema.

Hiyo ndiyo faida ya ukweli aliyoipata. Miezi ikapita, watu wakazika vitoto vyao, wakafuta machozi, na majike walipoingia joto wakaswagwa kwenda mtaa wa pili. Injinia aliwapokea vizuri. Alikuwa mtu wa maneno matamu, nimeshasema. Watu walimwonea aibu siku ya kwanza, siku ya pili wakamzoea, siku ya tatu wakawa wanacheka naye. Unaweza kumchukia mtu, lakini siku za joto za nguruwe ni mbili tu, haziwezi kusubiri mpaka hasira iishe. Wakipita mbele ya nyumba ya Mama Mbegu walikuwa wanaharakisha. Walimheshimu, hilo hakuna anayebisha. Walimheshimu wakiwa wanaelekea kwingine.

Bibi naye alikuwa amezaa na mwanawe watoto saba, wakabaki wawili. Alipoachisha kunyonyesha, siku ya tano akaingia joto. Ukimkandamiza mgongoni anasimama tuli, masikio juu. Mama Mbegu alimtazama siku nzima ya kwanza. Angeweza kumwacha apite, na wiki tatu baadaye amwache tena, na mwaka uishe. Jike asiyezaa mwaka mzima anajaa mafuta, mwisho wake ni mchinjaji. Siku ya pili asubuhi alichukua fimbo na ndoo ya pumba, akafungua mlango.

Walitembea saa nzima, maana Bibi hakuwa mtu wa kuharakishwa. Nje ya banda la Injinia palikuwa na foleni ya watu watatu na nguruwe wao.  Fundi cherehani alitaka kumpisha, naye akamkatalia kwa kichwa, akasimama nyuma yao. Mlangoni, kwenye kigoda, alikaa mama yake na daftari jipya mapajani, miwani imeshuka puani, anaandika. Alikuwa anauliza kila mtu maswali yaleyale, kichwa chini.

Zamu yake ikafika.

"Ameingia joto lini?" mama aliuliza.

"Jana asubuhi."

"Amezaa mara ngapi?"

"Mara tano."

Mama aliandika. Kisha, bila kuinua macho, aliunyoosha mkono wake wa kushoto kando, akalipapasa sikio la kulia la nguruwe, ule mkato wa nyumba na ule wa mama aliyemzaa, kama alivyofanya kwa wengine wote. Mkono ukasimama. Akainua kichwa.

"Ni wewe," alisema. "Ungenambia, tungekupitisha mbele."

"Nimekujibu maswali mawili, mama," alisema Mama Mbegu. "Mimi umenizaa, na umenijua kwa sikio la nguruwe."

 Nyuma yao jike wa mtu mwingine alianza kupiga kelele, na kutoka ndani Injinia akaita anayefuata aingizwe. Mama Mbegu alimgusa Bibi kwa fimbo, Bibi akaingia, naye akakaa nje kumsubiri.